Mikono Yangu Ilipokataa Kushika

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye simjui. Huenda sasa hivi umekaa kwenye benchi la hospitali na bahasha ya picha za eksirei mapajani, daktari ameshakuambia mifupa yako ni mizima, na wewe bado huwezi kushika kikombe cha chai. Nimekaa kwenye benchi hilo. Mimi si mtaalamu, ni muuza mchele wa Igoma, kwa hiyo usitegemee nikueleze habari za ubongo. Nitakueleza yaliyonipata mimi, na wewe utachukua la kukufaa.

Umri wangu umepita hamsini. Mume wangu, Baba Zainabu, ni fundi seremala, na karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, jirani na barabara ya Musoma. Zainabu ndiye binti yetu wa kwanza, ameolewa Geita. Kazi yangu ni kwenda Magu kununua mchele, kuuleta Igoma, kuupepeta, kuuchambua na kuuuza dukani kwangu hapohapo nyumbani. Nimeifanya tangu Zainabu yuko mgongoni, na wateja wangu wanajua kwamba mchele wangu hauna mawe. Hilo nalisema bila aibu.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Nilikuwa Magu kando ya barabara, nimekaa juu ya gunia nasubiri vijana wamalize kushona magunia yangu. Akaja mama kijana kununua nyanya kwenye meza ya jirani. Alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Hakunijua wala sikumjua. Akaniamkia, kisha akaninyooshea yule wa mkononi.

"Mama, nishikie huyu, nichague nyanya."

Huku kwetu jambo hilo halina mjadala. Aliyesimama humpa mtoto aliyekaa, iwe sokoni, kliniki au msibani, na hakuna anayeulizana jina. Nikampokea, nikamlaza begani. Alikuwa na usingizi tayari.

Kisha lori likakatika breki. Nakumbuka watu wakipiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Nakumbuka nilisimama. Baada ya hapo nakumbuka niko mtaroni, mdomo umejaa vumbi, na mikononi sina kitu. Kati ya kusimama na mtaro hamna chochote, si picha, si sauti. Mtoto aliokotwa upande wa pili wa meza, ameshafariki. Aliitwa Doto. Mama yake na Kulwa, yule wa mgongoni, hawakupata hata mchubuko.

Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Nikalazwa, nikafungwa, nikarudi nyumbani mkono ukiwa kwenye kitambaa. Mvua za vuli zilipokolea daktari akanifungua, akasema mfupa umeunga vizuri. Nyumbani wakafurahi, wakapika pilau. Siku hiyohiyo nikaangusha glasi ya chai. Kesho yake nikaangusha ungo, mchele ukamwagika uwanjani na kuku wakala karamu.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye haikuchekesha tena. Ganzi ilianzia kwenye viwiko ikashuka mpaka kwenye vidole, mikono yote miwili, hata ule ambao haukuumia. Cha ajabu ni kwamba niliweza kufunga kanga, kuchana nywele, kupiga simu. Lakini nikipewa kitu cha kushikilia au kukumbatia, kikombe, mfuko wa unga au mto wa kulalia, mikono inakufa. Jirani yangu Mama Neema alijifungua wakati huo, akaniletea mtoto wake nimbebe, nami nikarudi nyuma nikaficha mikono ndani ya kanga. Alidhani namtenga kwa sababu hatusali pamoja. Tulikaa muda mrefu tukisalimiana juu juu tu.

Mwili nao ukabadilika. Magauni yakaanza kuning'inia. Nilitokwa na jasho nimekaa kivulini. Na sisi tunaishi kando ya barabara kuu, malori yanapita kutwa. Kila lori lilipopumua breki zake, ule mlio wa upepo, mkojo ulinitoka. Mwanamke mzima, mbele ya wateja. Nikawa navaa kanga mbili, na hatimaye nikaacha kukaa dukani.

Hospitali nilizunguka mpaka nikajua ni benchi lipi lina msumari. Unafika alfajiri unakuta wenzako wameshapanga viatu vyao kwenye foleni, wenyewe wamekaa ukutani. Tulifahamiana kwa maradhi: yule wa kisukari, yule wa mgongo, na mimi wa mikono. Walinichoma sindano kwenye vidole kuona kama nasikia, wakanigonga viwiko, wakanipiga picha tena. Daktari mmoja akaniambia, "Mama, wewe huna ugonjwa." Niliona hasira sana. Kama sina ugonjwa, mbona mume wangu ananishikia kikombe?

Ndiyo, alinishikia. Mwanzoni. Halafu akaona ninavyodhalilika, akaingia karakana, akatoka na kimeza kirefu chembamba, kimo cha kidevu changu nikiwa nimekaa, kina tundu la kuzuia kikombe kisiyumbe. Nikawa nainama tu nakunywa. Alikiweka tu jikoni akarudi kwenye randa yake. Mpaka leo nikikumbuka kimeza kile nampenda upya mzee wangu.

Wifi yangu Mwajuma, dada yake mume wangu, alisimamia upande mwingine wa tiba. Tulifanya kisomo nyumbani, watu wakaja, nikanywa maji ya dua. Ndugu za marehemu mama yangu, Wasukuma wa Magu, nao wakamleta mganga akasema mtoto yule anadai chake. Sitaki kumkejeli mtu. Kisomo kilinituliza, nikawa nalala siku mbili tatu bila kushtuka. Lakini mikono ilibaki vilevile.

Masika yalipoanza, Zainabu akapiga simu kwamba ana mimba. Ndiyo ya kwanza. Kwetu binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua, na mama yake ndiye humwogesha mtoto mpaka arobaini ipite. Nilishangilia kwenye simu, nikapiga vigelegele vya kutosha, kisha nikakata nikaitazama mikono yangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nitamwogeshaje mtoto mbichi na mikono hii?

Muuguzi mmoja pale hospitalini ndiye aliyenielekeza Nyegezi, kwenye zahanati moja ndogo, kwa mtaalamu wa kiwewe. Kiwewe, alisema, ni pale tukio linapokwisha na mwili haupewi habari. Nikaenda na Mwajuma. Nilitegemea kumkuta mzee mwenye miwani. Nikamkuta binti wa umri wa Zainabu, anaitwa Nyamizi, anasimama kunipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dokta yuko wapi?"

"Ni mimi, mama. Ila mimi si daktari wa dawa. Natibu kwa mazungumzo."

Nikamwita dokta hivyohivyo. Alinisikiliza siku ya kwanza na ya pili bila kufanya kitu. Siku ya tatu akanieleza kwamba anachanganya njia mbili: tiba ya kiwewe, ambayo ni kulirudia tukio kidogo kidogo ukiwa salama, na njia nyingine inayoitwa hipnosisi, ambayo ni kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili inazama ndani yake. Mwajuma akanikanyaga mguu. Nami nilishasikia habari za watu kupumbazwa na matapeli stendi, wanatoa simu na pochi wenyewe.

"Utanilaza halafu utaniamuru?" nikamuuliza.

"Sikulazi, mama, na siwezi kukuamuru. Ukitaka kufumbua macho unafumbua. Ukitaka kuniambia nyamaza, utaniambia nyamaza."

Hilo la mwisho lilinipendeza. Nikafumba macho. Mwajuma akaombwa asubiri nje.

Basi dokta akaanza kwa sauti ya chini, polepole. Akaniambia nijione niko ufukweni, upepo wa ziwa unavuma, maji yanagusa miguu yangu, natulia. Sikutulia hata chembe. Nadhani alifundishwa hivyo huko alikosomea, na pengine inawafaa watu wanaokwenda ziwani kupumzika. Mimi nimekulia kando ya ziwa lile. Ufukweni nakwenda kufua na kuosha vyombo, nikiwa nimekodoa macho kwa sababu ya mamba, na maji yakinigusa miguu nawaza kichocho. Nikawa nimekaa pale nimefumba macho, nimekunja vidole vya miguu.

Na kabla sijasema kitu, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwajuma alikuwa ametega sikio. Aliposikia sauti ile ya chini inasema "maji, maji yanakuja," akaamini dokta anamwita jini wa ziwani. Aliingia anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya mnada. Nikaruka, kiti kikaanguka.

Dokta hakukasirika. Alimpa kiti akamwambia, "Shangazi, kaa hapa hapa, usikilize mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia neno baya, nizuie." Tukaanza upya. Ziwa likaachwa baada ya mimi kusema yangu. Dokta akauliza, "Sasa mama, wewe ni wapi unapokaa mwili ukatulia wenyewe?"

Nikasema, "Kwenye ungo."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza: asubuhi, uani, nimekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, napepeta. Pumba zinatoka, chenga zinakuja mbele, mchele mzima unabaki. Hapo sina mawazo. Hata nikigombana na mtu, nikipepeta nusu gunia namsamehe.

Akachukua maneno yangu yaleyale akanirudishia kwa sauti yake ya polepole. Kigoda. Ungo. Pumba zinatoka. Sijui nilizama saa ngapi. Niwaambie wanaoogopa: si usingizi. Nilimsikia fundi baiskeli nje akigonga rimu, nilisikia mtu anakohoa koridoni, nilijua niko Nyegezi. Ila vyote vilikuwa mbali, na havikuwa na shida nami. Kilichonifumbua macho ni mkoromo. Mwajuma alikuwa amelala fofofo, kilemba kimemwangukia usoni.

"Mama," dokta akasema taratibu, "tazama mikono yako."

Ilikuwa juu ya mapaja yangu inapepeta. Viganja juu, vidole vimekunjwa kushika ukingo wa ungo usiokuwepo, inakwenda mbele na nyuma. Ilikuwa imeshika. Nililia mpaka Mwajuma akaamka akauliza nani amekufa.

Nisingependa udhani nilipona siku ile. Nilirudi nyumbani nikaangusha sahani. Lakini masika yote tulikwenda hivyo, kila wiki Nyegezi. Kwanza ungo, mpaka nimetulia. Kisha dokta anasema, "Leo tutatoa jiwe moja tu. Yanayobaki, yabaki." Tulichambua siku ile kama tunavyochambua mchele. Wiki moja ni mlio wa breki peke yake. Wiki nyingine ni harufu ya nyanya. Nikizidiwa narudi kwenye ungo. Alinifundisha pia kusugua kidole gumba na cha shahada, kama unavyopima ukavu wa punje, ili nikiwa barabarani lori likipita nifanye hivyo na mwili ukumbuke uani. Kuna siku nilitoka pale nimechoka kama nimebeba magunia. Kuna siku nilitapika. Lakini mvua zilipokatika nilikuwa nimesharudi dukani, na malori yanapita, na kanga yangu ni moja.

Vikombe nikashika. Mfuko wa unga nikashika kwa shida. Mtoto wa Mama Neema, hapana. Nikimkaribia, ganzi.

Ndipo nikamwomba dokta jambo nililolikusudia tangu mwanzo. Nilimwambia, "Mwanangu, nikiwa nimezama, niulize. Niulize kama nilimwachia yule mtoto au alinyakuliwa mikononi mwangu. Mimi nilikuwepo, jibu limo ndani yangu. Litoe."

Akasema, "Mama, hilo sitalifanya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu akiwa amezama na ukamuuliza, atajibu. Hata kama jibu halipo, atalitengeneza, na picha yake ataiona kabisa. Halafu utaiamini mpaka kufa kwako, nami nitakuwa nimekupa uongo. Huenda kichwa chako hakikuhifadhi chochote pale. Naweza kukusaidia kuishi na pengo. Kulijaza siwezi."

Nilimkasirikia vibaya. Nilimwambia anajidai kuwa dokta na kazi yenyewe haiwezi. Nikachukua mkoba wangu, sikumwitikia hata alipoaga, nikakaa nyumbani wiki nyingi. Nilitaka kuhukumiwa, niseme ukweli. Kuambiwa ulimwachia, ni afadhali kuliko kutojua. Ndivyo nilivyoona wakati ule.

Nilirudi kwa sababu ya mkwe wangu. Alipiga simu, kijana mwenye adabu, akaniamkia, akauliza biashara, akauliza mvua, na hakuna mvua. Mwishoni akasema, "Mama, tulikuwa tunafikiria, labda Zainabu ajifungulie kwa mama yangu. Wewe upumzike, na hali yako hiyo." Nikajibu, "Mtakavyoona, baba." Nilipokata simu nilikaa na ungo wangu wa kweli mapajani na sikupepeta chochote. Hakukosea kijana. Ningekuwa yeye ningesema vilevile.

Kesho yake nilikwenda Nyegezi. Dokta akasimama, "Shikamoo mama," kana kwamba tuliachana jana. Nikaitikia. Nikamwambia, "Tuishi na pengo basi. Tunaanzia wapi?"

Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Msibani ulikwenda?"

Sikwenda. Siku ya maziko nilikuwa nimelazwa. Baadaye niliona haya, na kila mwezi uliopita uliongeza haya. Kwetu mtu asiyefika msibani ana deni la miguu, na miguu yangu haikuwahi kufika. Dokta hakunituma. Tulifanya safari hiyo kwanza ndani ya macho yaliyofumbwa, wiki baada ya wiki: njia, mlango, kuvua viatu, kukaa. Nilipoweza kukaa pale bila mikono kufa, nikamwambia mume wangu, naye akafunga karakana. Mwajuma akaja na mfuko wa sukari.

Mama Kulwa anakaa kijiji kilicho ndani kidogo huko Magu. Alitupokea vizuri. Akaniamkia, akanitandikia mkeka. Kulwa alikuwa anatembea sasa, anavuta mkia wa mbuzi. Nilimtazama mara moja nikaangalia pembeni, maana sura yake niliijua.

Nikasema niliyokuja kusema. "Mwanangu, pole. Sikufika msibani. Na nimekuja kukuambia kwamba sijui. Sijui kama nilimwachia mtoto wako au alinitoka. Nimetafuta, sijui."

Alikuwa anachezea uzi wa mkeka. Kisha akauliza, "Alikuwa analia?"

"Nani?"

"Doto. Nilipokupa alikuwa anasumbua. Ulipokuwa naye, alikuwa analia?"

Hilo nililijua. Nililijua siku zote, ila halikuwa upande wa pengo, kwa hiyo sikuwahi kuliangalia. Nikasema, "Hapana. Alilala palepale. Mdomo wazi. Mate yake yalilowesha bega langu."

"Alilala?"

"Alilala kabisa, mwanangu. Hakuliona lori."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia, na Mwajuma akalia, na mimi nikalia. Mume wangu akatoka nje kumtazama mbuzi. Baadaye tulikula. Wakati wa kuaga Mama Kulwa alinishika mikono yote miwili akaishikilia, na mikono yangu ikamshika.

Zainabu akaja kwetu, mkwe alimleta mwenyewe na mabegi. Sikumwomba, Zainabu ndiye aliyekataa kwenda kwingine. Akajifungua mtoto wa kiume mwishoni mwa kiangazi, joto kali, kabla ya mvua. Walipomleta kutoka hospitali nilikuwa nasugua kidole gumba na cha shahada mpaka ngozi ikawaka. Nikampokea. Mikono haikufa.

Wiki za kwanza nilimwogesha nimekaa chini kabisa, beseni katikati ya miguu yangu, na Zainabu ameinama pembeni, mkono wake umekinga chini ya mtoto. Nikimbeba, yeye anakuwa hatua moja nyuma yangu. Niliuona mkono ule kila siku. Sitadanganya, uliniuma, na wakati uleule nilishukuru kwamba upo. Nyegezi naendelea kwenda, sasa mara moja kwa mwezi. Ndoto bado zipo. Magu nanunua mchele, ila sikai upande ule wa barabara.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilimaliza kumwogesha, nikampaka mafuta, nikamfunga nepi. Zainabu alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu, usiku mtoto alimsumbua. Nikamwinua mjukuu wangu nikamlaza begani. Nilisubiri mkono wa binti yangu uje chini yake kama kawaida. Haukuja. Nilipogeuka, Zainabu alikuwa amelalia ubavu, ametugeuzia mgongo, uso ukutani, amelala.

Sikumwamsha. Nilikaa na mtoto kwenye kiti cha dirishani muda mrefu, lori moja likapita, likapita na jingine. Alikuwa mzito kwa umri wake. Mwishowe mkono wangu ukaanza kufa ganzi, ganzi ile ya kawaida anayoipata kila mtu aliyebeba mtoto muda mrefu. Nikamhamishia mkono wa pili.